Pampu ya Maji ya Moto Inaposimama: Namna ya Kutafuta Hitilafu katika Mfumo wa Kupashia Nyumba Joto

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, nyumba isiyopashwa joto wakati wa majira ya baridi haikaliki. Nje halijoto yaweza kushuka chini ya nyuzi 0 za Sentigredi, yaani chini ya kiwango ambacho maji huganda, na kubaki hapo kwa siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya uliotolewa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba ndani ya nyumba za nchi za namna hiyo halijoto isipungue nyuzi 18. Baridi inayozidi hapo hudhuru afya, hasa ya wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa moyo na mapafu.

Nchini Uingereza na Ujerumani, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji. Maji huchemshwa mahali pamoja, katika chombo kiitwacho boila, kisha huzungushwa kwa mabomba hadi katika kila chumba, na baada ya kutoa joto lake hurudi kwenye boila. Kinachoyasukuma maji hayo ni pampu ndogo, yenye ukubwa unaokaribia ule wa ngumi mbili za mtu mzima. Pampu hiyo ikisimama, boila yaweza kuwaka na mafuta au gesi yakawepo tele, lakini vyumba vikabaki baridi.

Makala haya yaeleza jinsi pampu hiyo inavyofanya kazi, hitilafu zinazoipata mara kwa mara, na njia ya kuzitafuta kwa mpango. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wengi hawajaiona pampu ya namna hii. Hata hivyo, kanuni zake ni zile zile za joto, sumaku na mkondo wa umeme zinazofundishwa katika shule za sekondari, na njia ya kuitafutia hitilafu yafaa kwa mashine yoyote.

MAJI KAMA CHOMBO CHA KUCHUKULIA JOTO

Maji huchukua joto jingi kuliko vitu vingi vya kawaida. Kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 kwahitaji jouli 4,200 hivi. Hewa yenye uzito uo huo huhitaji jouli 1,000 hivi tu. Zaidi ya hayo, hewa ni nyepesi: mita 1 ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.2. Kwa hiyo, lita moja ya maji inayopoa kwa nyuzi 10 hutoa jouli 42,000, kiasi kinachotosha kupandisha mita 3.5 za ujazo za hewa kwa nyuzi 10 hizo hizo. Ndiyo maana mabomba membamba ya maji yaweza kufanya kazi ambayo ingehitaji mifereji mipana kama ingefanywa na hewa.

Kiasi cha maji yanayotakiwa kuzunguka hupatikana kwa hesabu nyepesi. Chukulia nyumba inayohitaji joto la kilowati 10, na maji yanayotoka kwenye boila yakiwa na nyuzi 70 na kurudi yakiwa na nyuzi 60. Kila kilo ya maji huacha nyumbani jouli 4,200 × 10, yaani jouli 42,000. Jouli 10,000 zinazotakiwa kila sekunde zikigawanywa kwa 42,000, jibu ni kilo 0.24 kwa sekunde, au lita 14 hivi kwa dakika. Huo ni mtiririko usiozidi sana ule wa bomba la kawaida la jikoni.

Vyombo vinavyotoa joto vyumbani huitwa rejeta, kama kile chombo cha mbele ya gari. Kazi yao ni moja, kuhamisha joto kutoka katika maji kwenda katika hewa. Tofauti ni kwamba katika gari joto hilo ni taka, na nyumbani ndilo linalotafutwa.

KABLA YA PAMPU

Katika karne ya 19, na hata mwanzoni mwa karne ya 20, mifumo ya maji ya moto ilifanya kazi bila pampu. Maji yaliyopashwa joto hutanuka na kuwa mepesi, hivyo hupanda. Yaliyopoa huwa mazito na kushuka. Mwendo huo, ambao katika fizikia huitwa myuko, uliyazungusha maji polepole kutoka boila iliyowekwa chini ya nyumba hadi vyumba vya juu na kurudi. Kanuni hiyo hiyo hutumika katika mitambo mingi ya jua ya kupashia maji iliyo juu ya paa za nyumba mjini Nairobi: tangi huwekwa juu ya bamba linalopokea jua, na maji hupanda yenyewe. Magari mengi ya Ford Model T, ambayo yalianza kuuzwa mwaka 1908, nayo yalipoza injini kwa myuko bila pampu ya maji.

Udhaifu wa myuko ni kwamba nguvu yake ni ndogo. Mita moja ya ujazo ya maji yenye nyuzi 80 ina uzito wa kilo 972 hivi, na ile yenye nyuzi 60 ina kilo 983 hivi. Tofauti ni kilo 11 tu. Katika nyumba ambayo bomba la kupanda lina urefu wa mita 5, tofauti ya kanieneo inayoyasukuma maji ni 11 × 9.8 × 5, yaani paskali 540 hivi. Pampu ya kawaida ya nyumbani yaweza kutoa paskali 40,000 hadi 60,000. Hivyo mifumo ya zamani ilihitaji mabomba manene yenye mteremko uliopimwa vizuri, boila ilibidi iwe chini kabisa, na vyumba vilichelewa kupata joto.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Wilhelm Oplaender wa mjini Dortmund, Ujerumani, aliweka rafadha ndani ya kiwiko cha bomba na kuizungusha kwa mota ya umeme iliyokuwa nje. Katika miaka ya 1930, mhandisi wa Uswisi Karl Rütschi alitengeneza pampu ambayo sehemu yake yote inayozunguka imo ndani ya maji. Hiyo ndiyo asili ya pampu zinazotumika majumbani leo.

UMBO LA PAMPU

Pampu ya mzunguko ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni gamba la chuma lililofungwa katika bomba, na ndani yake mna gurudumu dogo lenye mapezi, ambalo hapa litaitwa rafadha. Maji huingia katikati ya rafadha. Rafadha inapozunguka huyatupa kwenye ukingo, na gamba huyaelekeza kwenye bomba la kutokea. Maji yaliyotupwa huacha nafasi katikati, na mengine huingia kuijaza.

Sehemu ya pili ni mota. Katika pampu zilizo nyingi, rota ya mota na mhimili wake huzunguka ndani ya maji yenyewe, na koili za waya zimetengwa na maji hayo kwa kopo jembamba la chuma kisichoshika kutu. Kwa mpango huu hakuna haja ya kizibo kinachosuguana na mhimili, ambacho kingechakaa na kuvuja. Maji hufanya kazi mbili za ziada: huipoza mota na kulainisha beringi, ambazo hutengenezwa kwa kaboni au kauri. Kwa sababu hiyo, pampu ya namna hii haifai kuendeshwa ikiwa kavu, na mhimili wake lazima ulale. Ukisimamishwa wima, hewa hujikusanya juu na beringi ya huko hukosa maji.

Jambo moja huwapotosha wengi. Yaweza kudhaniwa kwamba pampu inayopeleka maji ghorofani lazima iwe na nguvu za kuyainua. Sivyo. Mfumo huu ni duara lililofungwa na kujaa maji: kwa kila lita inayopanda, lita nyingine inashuka, na uzito wa moja husawazisha uzito wa nyingine. Pampu hushindana na msuguano wa maji katika mabomba tu. Ndiyo maana pampu yenye mota ya wati 60 huweza kuihudumia nyumba ya ghorofa mbili.

KUTAFUTA HITILAFU KWA MPANGO

Chukulia nyumba moja katika mji wa Leeds, asubuhi ya mwezi wa Januari. Wenyeji wanaamka na kukuta rejeta zote ni baridi. Boila inawaka, lakini baada ya dakika chache inajizima. Inapoa kidogo, inawaka tena, inajizima tena. Mtu mwenye haraka atasema pampu imekufa na kwenda kununua nyingine. Huenda amesema kweli. Huenda pia akafunga pampu mpya, akatumia fedha nyingi, na rejeta zikabaki baridi vile vile. Dalili moja yaweza kuzaliwa na sababu nyingi. Kazi ya mtafutaji ni kupanga maswali ambayo kila jibu lake huondoa baadhi ya sababu hizo.

Swali la kwanza: Je, pampu imeagizwa kufanya kazi? Pampu haizunguki wakati wote. Huwashwa na saa ya mfumo na themostati ya chumbani. Saa ikiwa imepoteza majira baada ya umeme kukatika, au themostati ikiwa imewekwa chini ya halijoto ya chumba, pampu itanyamaza bila kosa lolote. Yafaa pia kuangalia fyuzi. Nchini Uingereza mfumo huu kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 3. Pampu ya wati 60 katika umeme wa volti 230 hutumia ampea 0.26 hivi tu. Basi fyuzi iliyokatika haikukatwa na kazi ya kawaida. Kuna kosa lililoikata, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuficha kosa hilo na kukaribisha moto. Katika nyumba ya Leeds boila inawaka, kwa hiyo agizo lipo na umeme upo. Swali hili limejibiwa.

Swali la pili: Je, mota inazunguka? Mkono peke yake hautoshi kujibu. Pampu iliyosimama yaweza kuwa ya moto kwa sababu ya maji yaliyo karibu nayo, au kwa sababu mota iliyokwama hugeuza umeme wote kuwa joto. Njia ya mafundi ni kugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye gamba la pampu na kuweka mpini wake karibu na sikio. Chuma hupitisha sauti vizuri. Mota inayozunguka hutoa mvumo laini wenye mtetemo wa mwendo. Iliyokwama hunguruma tu bila mwendo. Isiyopata umeme, au ambayo waya wa koili yake umekatika, hukaa kimya kabisa. Mlio kama wa changarawe huashiria hewa ndani ya maji au beringi zilizochakaa.

Swali la tatu: Je, maji yanakwenda? Mota kuzunguka si hakikisho kwamba maji yanatembea. Rafadha yaweza kuwa imelegea kwenye mhimili wake, au mapezi yamejaa tope, au vali imefungwa mahali fulani. Kipimo kizuri hapa ni halijoto ya mabomba mawili: lile linalotoka kwenye boila na lile linalorudi. Hesabu iliyotolewa hapo juu ndiyo inayotumika. Joto la kilowati 10 likibebwa na kilo 0.24 za maji kwa sekunde, tofauti ya mabomba hayo ni nyuzi 10. Mtiririko ukipungua hadi theluthi moja, yaani kilo 0.08 kwa sekunde, tofauti hupanda hadi nyuzi 30. Mtiririko ukikoma kabisa, bomba la kutokea huwa la moto sana karibu na boila, na la kurudia hubaki baridi. Maji yaliyo ndani ya boila, kwa kuwa hayaondoki, hufikia upesi kiwango cha hatari, na themostati ya usalama huizima boila. Hicho ndicho kinachotokea Leeds: boila inayowaka na kujizima kila baada ya dakika chache haina ugonjwa, inajikinga.

Kinyume chake, mabomba yote mawili yakiwa na halijoto ya chini inayokaribiana, maji yanazunguka lakini hayapashwi. Hapo kosa litafutwe kwenye boila, na pampu iachwe kwa amani.

Swali la nne: Je, kizuizi kiko wapi? Rejeta zenyewe hutoa ushahidi. Rejeta moja ikiwa baridi juu na ya moto chini, imeshika hewa. Ikiwa baridi chini, hasa katikati, ina tope. Rejeta za karibu zikiwa za moto na za mbali baridi, pampu inafanya kazi, ila maji hayagawanywi sawasawa. Rejeta za ghorofani zikiwa vuguvugu na za chini baridi kabisa, huenda pampu imesimama na joto kidogo linapanda kwa myuko peke yake, kama katika mifumo ya karne ya 19.

Hewa yastahili maelezo zaidi. Pampu hutoa kanieneo kulingana na densiti ya kile inachokizungusha. Hewa ni nyepesi kuliko maji kwa mara 800 hivi. Pampu inayotoa paskali 50,000 ikiwa na maji, itatoa paskali 60 hivi ikiwa imejaa hewa. Hivyo kiasi kidogo cha hewa kilichojikusanya ndani ya rafadha huweza kuusimamisha mtiririko wote ilhali mota inazunguka vyema. Dawa yake ni kuitoa hewa hiyo kwa skrubu maalumu zilizowekwa kwenye rejeta na mahali pa juu pa mabomba, kisha kurudisha kanieneo ya mfumo kwenye kiwango chake. Katika mifumo iliyofungwa, kiwango hicho wakati maji ni baridi huwa bar 1 hadi 1.5, na bar 1 ni paskali 100,000.

PAMPU ILIYOKWAMA NA KAPASITA ILIYOCHOKA

Tuseme katika nyumba ya Leeds bisibisi imeleta mngurumo bila mwendo. Sababu zinazobaki ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni kukwama kwa mhimili. Wakati wa kiangazi pampu hukaa miezi mingi bila kazi, na chembe za kutu hugandamana kati ya mhimili na beringi. Pampu nyingi za zamani zina skrubu kubwa katikati ya uso wa mota. Umeme ukiwa umekatwa, maji yakiwa yamepoa, na vali mbili zilizo pande zote mbili za pampu zikiwa zimefungwa, skrubu hiyo hufunguliwa polepole huku kitambaa kimewekwa chini yake kupokea matone. Nyuma yake huonekana ncha ya mhimili yenye mfuo, nayo hugeuzwa kwa bisibisi hadi izunguke bila ugumu. Pampu nyingi mpya hazina skrubu hiyo. Baadhi hujitikisa zenyewe kwa mpango wa elektroniki zinapohisi zimekwama.

Ya pili ni kapasita. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu wa njia moja. Koili moja inayopokea mkondo huo hutoa uga wa sumaku unaokwenda na kurudi, lakini usiozunguka. Rota iliyosimama haijui ielekee upande gani. Kwa hiyo mota hupewa koili ya pili, na kapasita huutanguliza mkondo wa koili hiyo mbele ya ule wa kwanza. Nyuga mbili zinazopishana kwa wakati huungana kuwa uga mmoja unaozunguka, na rota huufuata. Kapasita ikichoka, uga huo hudhoofika. Mota hunguruma na kushindwa kuanza. Ishara yake ni pampu iliyokwamuliwa kwa mkono ikaanza, na baada ya kuzimwa ikashindwa tena kuanza, ingawa mhimili wake ni mwepesi. Kapasita ni kifaa cha bei ndogo kuliko pampu nzima, na kubadilishwa kwake ni kazi ya fundi wa umeme, kwa kuwa kapasita huweza kuhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa.

TOPE JEUSI

Pampu iliyokwama mara moja na kukwamuliwa huenda ikakwama tena, ikiwa chanzo hakikuondolewa. Chanzo hicho mara nyingi ni kutu ya aina ya pekee. Katika maji yaliyokosa oksijeni, chuma cha rejeta huungana polepole na maji yenyewe:

3Fe + 4H₂O → Fe₃O₄ + 4H₂

Matokeo ni magnetiti, unga mweusi unaovutwa na sumaku, pamoja na gesi ya haidrojeni. Unga huo huzunguka na maji, hutulia chini ya rejeta, huingia katika beringi, na katika pampu zenye sumaku za kudumu huvutwa na rota yenyewe. Gesi nayo hujikusanya juu ya rejeta. Kwa hiyo si vyema kuwasha kiberiti karibu na rejeta inapotolewa gesi, kwani haidrojeni huwaka.

Rangi ya maji yanayotolewa husimulia habari. Maji meusi huonyesha magnetiti. Maji mekundu ya kahawia huonyesha kutu ya kawaida, ambayo huhitaji oksijeni. Maana yake ni kwamba hewa mpya inaingia, pengine kwa sababu mfumo unavuja na kujazwa maji mapya kila mara. Tiba ni kuziba uvujaji, kuusafisha mfumo kwa maji, kutia dawa ya kuzuia kutu, na kuweka chujio lenye sumaku kwenye bomba la kurudia.

HADHARI

Kuna kazi ambazo mwenye nyumba aweza kuzifanya, na nyingine asizoruhusiwa. Kukagua saa, themostati na rejeta, kusikiliza pampu na kugusa mabomba kwa uangalifu ni kazi za kila mtu. Kufungua kisanduku cha nyaya za pampu ni kazi ya anayejua umeme. Kufungua boila ya gesi, ambamo mara nyingi pampu imo ndani, nchini Uingereza ni kazi ya fundi aliyeandikishwa katika rejista ya usalama wa gesi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2009. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Hivyo kusubiri yapoe si kupoteza wakati.

Hadhari kubwa kuliko zote yahusu yale ambayo watu hufanya wakati wakisubiri fundi. Wako wanaoingiza chumbani jiko la mkaa na kufunga madirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni na kuua watu wakiwa usingizini. Hatari hii haina nchi: ni ile ile katika chumba cha Leeds na katika chumba cha Njombe au Limuru usiku wa baridi. Nguo nzito, mablanketi na kukaa pamoja katika chumba kimoja ni salama zaidi. Tena, baridi ikiwa kali na nyumba ikiachwa bila watu, maji ya mabomba hayana budi kutolewa, kwa kuwa maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi na kupasua mabomba.

PAMPU ZA SIKU HIZI

Pampu za zamani zilizunguka kwa kasi moja au tatu zilizochaguliwa kwa swichi, hata pale ambapo rejeta nyingi zilikuwa zimefungwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha matumizi ya umeme ya pampu hizi kuanzia tarehe 1 Januari 2013, na kikomo hicho kilikazwa tarehe 1 Agosti 2015. Pampu mpya zina rota ya sumaku ya kudumu, na elektroniki zinazobadilisha kasi kulingana na mahitaji. Faida yake ni kubwa, kwa sababu nguvu inayohitajiwa na rafadha hubadilika takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi: kasi ikipunguzwa nusu, nguvu hushuka karibu hadi thumni. Pampu ya wati 60 ikifanya kazi saa 10 kwa siku, kwa siku 200, hutumia uniti 120 za umeme. Ya wati 10 hutumia 20 tu.

Hata hivyo, njia ya kutafuta hitilafu haikubadilika. Baadhi ya pampu mpya huonyesha namba au taa ya rangi kueleza kosa, lakini taa hueleza hali ya mota tu. Haiwezi kujua kama vali ya ghorofani imefungwa. Swali la tatu, kama maji yanakwenda, bado hujibiwa na halijoto ya mabomba mawili.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha myuko kwa mrija wa kioo uliokunjwa kuwa mraba, wenye mdomo ulio wazi juu. Ujazwe maji, na punje moja ya pamanganeti ya potasiamu idondoshwe mdomoni. Kona moja ya chini ipashwe moto kwa taa ya spiriti: rangi itaonekana ikizunguka mraba wote. Kisha mrija upoe, maji yabadilishwe, na moto uwekwe safari hii kwenye kona ya juu. Maji ya juu yatapata moto, lakini rangi haitazunguka kama mwanzo. Wanafunzi waeleze kwa nini, kisha waeleze kwa nini nyumba yenye pampu yaweza kuwa na boila ghorofani.

Maswali

1. Nyumba yahitaji kilowati 8. Maji hutoka kwenye boila yakiwa na nyuzi 70 na kurudi yakiwa na nyuzi 50. Ni lita ngapi za maji zinazozunguka kila sekunde?

2. Bomba la kutokea lina nyuzi 80, la kurudia nyuzi 20, na pampu inavuma kama kawaida. Taja sababu tatu ziwezekanazo, na kwa kila moja eleza kipimo kitakachoithibitisha au kuiondoa.

3. Fundi alibadilisha pampu mara mbili katika miaka miwili, na zote zilikwama. Angepaswa kuchunguza nini kabla ya kufunga ya tatu?

Jibu la swali la 1: karibu lita 0.1 kwa sekunde.